Vidonge vya minoksidili kwa utosi unaopukutika: jibu kwa dada mwenye presha

"Shikamoo daktari. Nina miaka 41, naishi Dar es Salaam, nina watoto watatu. Kwa miaka kama mitano nywele zangu za utosini zinazidi kupungua. Mwanzo palikuwa padogo kama sarafu ya shilingi mia, sasa hata kiganja hakipafuniki. Pananiwasha, na nikisukwa panauma. Dawa ya kulainisha nywele niliiacha mwaka juzi lakini hazijarudi. Msusi wangu ameniuzia vidonge vya minoksidili vya miligramu 10 vinavyotoka nje, akaniambia nikate robo kila siku. Nilisoma kwamba asili yake ni dawa ya presha, nami natumia amlodipini kwa presha, nikaona nimepata dawa moja ya maradhi mawili. Leo ni wiki ya tatu. Nywele zinadondoka kuliko zamani, na jioni viatu vinanibana. Niendelee? Na je, ni kweli kuna dawa ya kisukari inayootesha nywele? Mama yangu anayo nyumbani."

Marahaba, dada. Nitaanza na viatu, nywele zitafuata.

Viatu kubana jioni, kwa mtu aliyeanza minoksidili wiki tatu zilizopita huku akitumia amlodipini, ni dalili ya mwili kushika maji. Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni hapana: usimeze robo nyingine mpaka uonane na daktari. Amlodipini usiiache, endelea nayo kama ulivyoandikiwa. Ukiona unahema ukipanda ngazi, unashindwa kulala chali mpaka uweke mito miwili, moyo unadunda mbio ukiwa umekaa, kifua kinabana, au uzito umepanda kilo mbili ndani ya siku chache, hapo hakuna kusubiri kliniki ya ngozi. Nenda hospitali siku hiyohiyo na uwaambie umekuwa ukimeza minoksidili. Usione haya kuitaja. Daktari wa zamu hawezi kuikisia.

Sasa tuzungumze kwa utulivu. Barua yako ina mambo matatu ninayoyasikia mara nyingi, na kila moja lina ukweli nusu.

Ulichosoma ni sahihi: minoksidili ni dawa ya presha. Marekani iliipa kibali cha vidonge mwaka 1979. Lakini haikupewa kibali cha presha kama yako. Ilitengwa kwa watu ambao presha yao imekataa kushuka hata baada ya dawa nyingine kadhaa kwa dozi kubwa, na hata hao hupewa pamoja na dawa ya kukojoza maji na dawa ya kutuliza mapigo ya moyo. Sababu ni kwamba inapanua mishipa kwa nguvu mno. Mishipa ikilegea hivyo, mafigo huhisi kana kwamba damu imepungua, yakaanza kubana chumvi na maji. Moyo nao huongeza mwendo ili kufidia. Ndiyo maana karatasi ya dawa hii ina onyo kali kuhusu maji kujikusanya kuzunguka moyo. Amlodipini yako nayo ni dawa ya kupanua mishipa, na peke yake tu inajulikana kwa kuvimbisha vifundo vya miguu. Umeziweka mbili zenye tabia moja bila ya tatu ya kuzichunga. Na kwa dozi ndogo inayotumika kwa nywele, minoksidili haishushi presha kwa kiasi cha kukutibu. Kwa hiyo maradhi mawili hayajapata dawa moja: presha haikupata kitu, miguu ikapata uvimbe.

Jinsi dawa hii ilivyofika kichwani ni hadithi ya kweli na ya kuvutia. Wagonjwa wa presha waliomeza dozi kubwa waliota nywele pasipotakiwa: usoni, mikononi, mgongoni. Kwa dozi zile hali hiyo huwapata wagonjwa wanane katika kila kumi. Watengenezaji wakaigeuza kuwa maji ya kupaka. Yalipata kibali kwa upara wa wanaume mwaka 1988, na kwa wanawake mwaka 1991. Vidonge, hata hivyo, havijawahi kupewa kibali Marekani kwa ajili ya nywele. Daktari anayeviandika kwa nywele anaitumia dawa nje ya kibali chake.

Naomba nilieleze neno hilo, kwa sababu wengine hulisikia wakadhani ni magendo, na wengine hudhani ni siri ambayo madaktari wanaificha. Kibali cha dawa hutaja ugonjwa, dozi na aina ya watu ambao mtengenezaji alileta ushahidi wao. Nje ya hapo daktari anaruhusiwa kutumia ujuzi wake, na hufanya hivyo kila siku, hasa kwa watoto na wajawazito ambao tafiti za kuomba kibali huwaruka. Lakini kibali kinapokosekana, kuna kazi ambayo karatasi ya dawa haikuifanya: kuchagua dozi, kujua nani asipewe, kupanga vipimo, kuamua lini kuacha. Kazi hiyo inamwangukia aliyeiandika. Dawa iliyo nje ya kibali na isiyo na daktari haina wa kuifanya. Hapo ndipo ninapotofautiana na msusi wako, wala simwoni mtu mbaya. Pengine ameona nywele za mteja mmoja au wawili zikirudi akafurahi.

Na zinaweza kurudi kweli. Kwa miaka zaidi ya 10 sasa madaktari wa ngozi wametumia vidonge vya dozi ndogo, na uzoefu wao umekusanywa. Rodney Sinclair wa Melbourne alichapisha mwaka 2018 taarifa ya wanawake 100 waliopewa minoksidili robo ya miligramu tu, pamoja na miligramu 25 za spironolaktoni, dawa ya kuzuia homoni za kiume, kwa mwaka mmoja. Kudondoka kulipungua na nywele zikajaa kiasi. Mwaka 2021 Sergio Vañó-Galván wa Hispania na wenzake walikusanya kumbukumbu za wagonjwa 1,404. Asilimia 15 waliota nywele za ziada mwilini, asilimia 1.7 walipata kizunguzungu, asilimia 1.3 walishika maji, na asilimia 0.9 moyo uliwaenda mbio. Ni takwimu za kutia moyo. Ila hao walikuwa wagonjwa waliochaguliwa, wakaulizwa habari za moyo, wakafuatiliwa. Zaidi ya hayo, waliofanya jaribio Brazil wakawapa wanaume 90 ama kidonge cha miligramu 5 ama maji ya kupaka ya asilimia 5, walichapisha matokeo yao mwaka 2024: baada ya wiki 24 kidonge hakikuyashinda maji ya kupaka. Anayekuambia kidonge ndicho chenye nguvu hasa na maji ni ya kubahatisha, hana ushahidi huo.

Dozi yako nayo. Wanawake wengi huanzishwa miligramu 0.625 au 1.25 kwa siku, wengine chini ya hapo. Robo ya kidonge cha 10 ni 2.5, na robo iliyokatwa kwa kisu cha jikoni haiwi robo: leo 2, kesho 3, vumbi likabaki mezani. Halafu kuna swali la kidonge chenyewe. Mwaka 2019, kule Hispania, watoto wachanga zaidi ya kumi waliota nywele mwili mzima baada ya kunywa dawa ya asidi ya tumbo. Uchunguzi ulionyesha kwamba unga uliosambazwa ukiwa umeandikwa omeprazoli ulikuwa minoksidili. Kama hilo lilitokea ndani ya mfumo wenye ukaguzi, basi vidonge vilivyosafiri kwenye begi na kuhamishiwa kwenye mfuko wa nailoni havina wa kuvidhamini. Dawa iliyosajiliwa nchini unaweza kuiulizia kwa TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania. Hivyo vya saluni hutaweza.

Kuhusu nywele kudondoka zaidi tangu uanze: hilo peke yake lisikutishe. Kila unywele una zamu zake. Huota kwa miaka miwili hadi sita, husimama, hupumzika kama miezi mitatu, kisha huanguka ili mwingine uchukue nafasi. Minoksidili huifupisha ile zamu ya kupumzika. Nywele zilizokuwa zimelala zinasukumwa nje kwa pamoja na mpya zinazotoka chini yake, ndiyo maana wiki za mwanzo kitana hujaa. Watu wengi huiacha dawa hapo, wakati ndipo inapoanza kazi. Na ikifanya kazi, ni mkataba wa muda mrefu: ukiiacha, ulichokipata huondoka katika miezi michache. Mwuzaji halisemi hilo siku ya kwanza.

Lakini dada, haya yote ni ya unywele ambao shina lake bado liko hai. Hapa ndipo barua yako iliponifanya nisimame.

Upara wa kurithi kwa wanawake kwa kawaida hauwashi wala hauumi. Njia ya nywele inapanuka polepole, nywele zinakuwa nyembamba, basi. Wewe unaniambia mahali pamoja penye duara utosini, panapanuka kuelekea nje, panawasha, panauma ukiguswa. Kwa mwanamke wa Kiafrika wa umri wako, maelezo hayo yananifanya nifikirie kwanza upara wa kovu unaoanzia utosini, ule ambao madaktari huuita kwa kifupi CCCA. Sijakuona, kwa hiyo siuthibitishi. Ila ndio ninaouhofia, na ndio usiotakiwa kusubiri.

Katika ugonjwa huu kinga ya mwili huzingira mashina ya nywele chini ya ngozi, pakawa na uvimbe usioonekana kwa macho, na polepole kila shina likafa na nafasi yake ikajazwa kovu. Utajua mahali penye kovu kwa kuangalia karibu kwenye mwanga: ngozi inang'aa, ni laini, na vile vitundu vidogo ambamo nywele hutokea havipo tena. Fikiria mgomba. Ukiukata juu ukaacha tunguu lake ardhini, utachipua. Ukiling'oa tunguu na kumwaga zege juu yake, mbolea ya aina yoyote haitatoa chipukizi. Minoksidili ni mbolea. Haizuii moto unaoteketeza matunguu yaliyobaki, na miezi unayoitumia ukisubiri ikuoteshee nywele ni miezi ambayo duara linazidi kupanuka. Ndiyo maana kabla ya kuuliza kidonge gani, tunauliza upara gani.

Tafadhali usijilaumu kwa dawa za kulainisha au kwa kusuka. Kwa muda mrefu wanawake waliambiwa wamejiharibu wenyewe, na wengi waliokuja kwangu waliingia wakiomba radhi kabla hata ya kukaa. Tafiti kuhusu kemikali za nywele na ugonjwa huu hazikubaliani. Mwaka 2019 watafiti, akiwemo Ncoza Dlova wa Durban, walionyesha kwamba karibu robo ya wanawake 58 waliopimwa walikuwa na hitilafu katika jeni iitwayo PADI3, inayohusika na kuunda unywele wenyewe. Sehemu ya ugonjwa huu inarithiwa. Kusuka kwa kuvuta ni jambo jingine: huua nywele za mbele na za juu ya masikio kwanza, na huweza kuongeza madhara juu ya madhara. Kwa hiyo legeza misuko, pumzisha wivingi za kushonea utosini, lakini fanya hivyo kama matibabu, si kama adhabu.

Kuna jambo moja ambalo hukuliuliza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walipopitia kumbukumbu za wanawake Waamerika weusi, waliona waliokuwa na CCCA walikuwa na uvimbe wa kizazi mara nyingi zaidi: asilimia 13.9 dhidi ya 3.3. Haimaanishi kimoja huleta kingine. Lakini kama hedhi yako ni nzito au ya siku nyingi, sema. Ni jambo linalostahili kipimo, na upungufu wa madini ya chuma unaotokana nalo hupunguza nywele kwa njia yake.

Matibabu yenye msingi kwa upara wa kovu hulenga kuzima uvimbe ule wa ndani. Daktari huchoma sindano ndogondogo za steroidi kuzunguka ukingo wa duara kila baada ya wiki kadhaa, hukupa klobetasoli, steroidi ya kupaka, na mara nyingi antibiotiki iitwayo doksisaiklini ya kumeza kwa miezi. Najua jina klobetasoli limechafuka kwa sababu ya mkorogo. Dawa ni ileile. Tofauti ni kwamba hapa inapakwa kichwani tu, kwa ratiba, kwa ugonjwa unaojulikana, na mtu anaangalia ngozi isikonde. Uvimbe ukitulia, hapo minoksidili inaweza kuongezwa kuyasaidia mashina yaliyosalia, na kwa mwenye presha ningeanza na ya kupaka. Nitakuwa mkweli: lengo la kwanza ni duara lisipanuke. Nywele za ukingoni zinaweza kurudi. Katikati, palipokwisha kung'aa, sitakuahidi. Kupandikiza nywele hufikiriwa tu ugonjwa ukiwa umelala kwa muda mrefu.

Sasa dawa ya mama. Ndiyo, ulichosikia kina chanzo. Metformini, mbali na kushusha sukari, huamsha kimeng'enya kiitwacho AMPK ambacho huonekana kupunguza utengenezaji wa kovu. Kundi la Crystal Aguh, huko huko Johns Hopkins, lilichapisha mwaka 2024 habari za wagonjwa 12 wa CCCA waliopewa miligramu 500 kwa siku kwa angalau miezi sita. Nusu yao walionekana kuota nywele kiasi. Nimefurahi kuisoma, kwa sababu ni mara chache ugonjwa wa wanawake wetu kupata wazo jipya. Lakini ni wagonjwa 12, hapakuwa na kundi la kulinganisha, na wengi wao walikuwa wakiendelea na matibabu mengine. Bado ni jaribio. Kama daktari wako baada ya kukupima figo ataona inafaa kuongezwa juu ya matibabu ya kawaida, sitampinga. Ila si badala yake, na si kutoka kwenye kopo la mama. Metformini haifai kwa mwenye figo dhaifu, husumbua tumbo mwanzoni, na kila kidonge unachokichukua ni siku moja ambayo sukari ya mama haikudhibitiwa.

Utatajiwa na nyingine, kwa hiyo nizipitie haraka. Spironolaktoni huzuia homoni za kiume kwenye shina la unywele na husaidia baadhi ya wanawake wenye upara wa kurithi. Ni nje ya kibali, hupandisha potasiamu, na haifai kabisa ukiwa na uwezekano wa mimba kwa sababu huweza kuathiri maumbile ya mtoto wa kiume tumboni. Kwako inanipa wasiwasi pia kutegemea dawa nyingine za presha utakazoongezewa. Finasteridi ina kibali cha upara wa wanaume tangu 1997. Ilipojaribiwa kwa miligramu 1 kwa wanawake waliokoma hedhi haikusaidia, nayo ina hatari ileile kwa mimba. Hizi zote mbili hazizimi upara wa kovu.

Huenda pia umeona picha za watu waliokuwa na upara mtupu wakaota kichwa kizima. Ni kweli, lakini ni ugonjwa mwingine, wa mabaka ya duara yanayotokea ghafla bila kovu. Mwaka 2014 Daktari Brett King wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, alimpa kijana wa miaka 25 tofasitinibu, wakati huo ikiwa dawa ya baridi yabisi, na nywele zikarudi. Miaka minane baadaye dawa ya jamii hiyo, barisitinibu, ikapata kibali cha ugonjwa huo. Huo ni mfano wa matumizi nje ya kibali yaliyoishia kuwa kibali: mgonjwa mmoja, kisha makumi, kisha majaribio yenye mamia. Dawa hizi huishusha kinga, na huweza kuamsha kifua kikuu kilicholala. Katika nchi kama yetu hakuna anayepaswa kuzianza bila kupimwa.

Kwa hiyo fanya hivi. Wiki hii pima presha mara mbili au tatu na uandike, kisha mwone daktari anayekutibu presha kwa ajili ya miguu. Mwambie ukweli wote. Pili, nenda kliniki ya ngozi. Muhimbili ipo karibu nawe, na kwa walio kaskazini kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi pale hospitali ya KCMC, Moshi, kilichoanza mwaka 1992 na kinachowafundisha madaktari wa nchi nyingi za ukanda wetu. Omba wachukue kipande kidogo cha ngozi ya kichwa kwa maabara. Ni ganzi, tundu la milimita nne, nyuzi moja au mbili. Kichukuliwe ukingoni, penye nywele zilizosalia, maana katikati pataonyesha kovu tu bila kusema lilitokana na nini. Lupasi ya ngozi, ugonjwa mwingine wa kinga ya mwili, nayo huacha kovu kichwani, na matibabu yake ni tofauti. Wapime pia wingi wa damu, akiba ya chuma na tezi ya shingo. Kama bado unaweza kushika mimba au unanyonyesha, sema mapema, kwa sababu nusu ya dawa nilizozitaja zitaondolewa mezani.

Siku ya kwenda, fumua nywele zote usiku uliotangulia na usipake mafuta. Wengi huja wamefunika kwa wigi au kilemba wakiona aibu, tukapoteza dakika za kuangalia. Piga picha ya utosi kwa simu, kwenye mwanga wa dirisha, umbali uleule kila mwezi, maana kioo hakitakuonyesha mabadiliko ya polepole. Na vile vidonge vilivyobaki viweke kwenye mfuko uje navyo.